Kaki Si Rangi Moja: Kupaka Sare za Wapiga Mizinga Wadogo wa Vita vya Ziwa Victoria

Anayepaka rangi sanamu ndogo za wapiga mizinga wa enzi ya Napoleon ana nafuu moja kubwa. Akishajua nchi, ameshajua rangi: mpiga mizinga wa Austria huvaa koti la kahawia lenye kola nyekundu, wa Ufaransa anayetembea kwa miguu huvaa buluu iliyokoza, wa Urusi huvaa kijani kilichokoza chenye kola nyeusi, na watu wote sita wanaouzunguka mzinga mmoja hufanana kama mayai. Sisi tunaocheza michezo ya vita ya mezani hapa Mwanza, tuliojipa kazi ya kupanga upya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yaliyotokea kwenye ziwa letu kati ya 1914 na 1916, hatuna nafuu hiyo. Katika vita hivyo mzinga mmoja ungeweza kuhudumiwa na baharia wa Kijerumani, mstaafu wa jeshi aliyeitwa kutoka shambani kwake, askari wa Kisukuma au wa Kinyamwezi, na wapagazi waliofika na nguo walizotoka nazo nyumbani. Wengi wao walivaa kaki, lakini kaki hizo hazikutoka kwenye jora moja, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Mwongozo huu unaeleza namna ninavyopaka kikosi cha mzinga mmoja, watu saba wa kimo cha milimita 28, hatua kwa hatua. Nimechagua mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Kijerumani, kwa sababu hakuna mwingine unaokusanya mavazi ya aina nyingi kuuzidi. Meli hiyo ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi ya sentimita 10.5, wakaitengeneza Dar es Salaam, wakaipachika kwenye magurudumu, kisha wakaisambaza pande mbalimbali za koloni, ikivutwa na mamia ya watu kupita njia ambazo hazikuwa barabara. Mabaharia waliokuwa wakiihudumia melini waliifuata nchi kavu.

Anza na swali la nguo

Kabla ya kufungua kopo lolote, chukua karatasi uandike mbele ya kila sanamu jibu la swali moja: nguo ya mtu huyu ilitoka wapi, na ameivaa kwa muda gani? Jibu hilo ndilo litakaloamua rangi. Mwaka 1914 askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Ujerumani, walikuwa na sare za kaki zilizoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Waingereza walipoizingira pwani, nguo mpya zilikoma kuingia, isipokuwa mara chache meli ilipopenya, kama ile iitwayo Marie iliyofika Sudi mwezi Machi 1916. Katikati ya hapo pamba ilisokotwa na kufumwa humu humu nchini, na vitambaa vikatiwa rangi iliyopatikana kwenye mti ulioitwa ndaa, ambayo ilitoa kahawia yenye unjano iliyofichika vizuri kwenye nyasi na vichaka. Kwa hiyo mwaka 1916 utakuta angalau kaki tatu kuzunguka mzinga mmoja: ya zamani ya Ulaya iliyofuliwa hadi ikachujuka, ya kienyeji iliyotiwa rangi ya mti, na mpya ya meli ambayo bado ina ukoza wake.

Jambo hili nilielewa vizuri zaidi kwa fundi cherehani mmoja mzee karibu na Makoroboi, nilikokwenda kuomba vipande vya kitambaa vya kulinganishia rangi. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa natafuta kaki halisi. Alinitolea mfuko wa mabaki, akapanga vipande sita kwenye meza ya kukatia.

“Zote hizi ni kaki, mwanangu,” akasema, “lakini ukimshonea mteja shati moja kwa vipande viwili, kesho atakurudishia.”

“Kwa nini, babu? Mbona naona kama zinafanana?”

“Zifue mara tatu kwanza, halafu zianike juani, ndipo uniambie kama zinafanana.”

Nilikwenda nazo nyumbani nikafanya alivyosema. Baada ya kufuliwa mara tatu na kuanikwa juu ya jiwe, kipande kimoja kilikuwa kimeelekea kwenye uwaridi, kingine kwenye kijani, kingine kimebaki rangi ya vumbi la barabarani, na cha nne kimekuwa cheupe kabisa kwenye mikunjo lakini cha kahawia kwenye mishono, mahali ambapo jua halikufika. Vipande hivyo nimevibandika kwenye kadi, na kadi hiyo ipo mbele yangu kila ninapopaka. Nakusihi utengeneze ya kwako, kwa sababu rangi ya kitambaa kilichofuliwa haionekani ipasavyo kwenye picha ya simu, na picha za vita vile zenyewe hazina rangi.

Kuandaa sanamu

Hapa sitakaa sana. Osha sanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo ili kuondoa mafuta yaliyobaki kiwandani, kwangua mabaki ya ukingo kwa ncha ya wembe, kisha uisimamishe juu ya kizibo cha chupa ya maji kwa gundi kidogo ili upate pa kushika bila kugusa rangi. Usiwagandishe watu kwenye mzinga mapema, kwa maana brashi haitafika kifuani kwa yule aliyeinamia kitako cha mtutu. Rangi ya kwanza, ambayo mafundi rangi huiita praima, inaweza kuwa ya kopo la kupulizia linalouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, mradi iwe ya aina isiyong’aa na upulize kwa umbali wa sentimita 25 hivi, kwa mikupuo mifupi. Chagua kijivu au kahawia nyepesi. Praima nyeusi huzima unjano wa kaki, na praima nyeupe huacha nukta zinazong’aa kila mahali ambapo brashi ilipitiliza.

Rangi za akriliki za mirija wanazouziwa wanafunzi katika maduka ya vifaa vya shule zinatosha kwa kazi hii yote, ila sharti zipunguzwe kwa maji hadi zifanane na maziwa mabichi, na zipakwe mara mbili au tatu badala ya mara moja nzito. Kwa joto letu zitakaukia kwenye sahani kabla hujamaliza shati moja. Dawa yake ni kifuniko cha kopo la siagi: tandika ndani yake kitambaa cha sponji kilicholoweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, kisha changanyia rangi zako juu ya karatasi hiyo. Ukifunika vizuri, mchanganyiko wa jioni utaukuta bado mbichi asubuhi.

Kuchanganya kaki tatu

Unahitaji rangi tano tu: njano ya udongo, kahawia iliyoungua, nyeupe, buluu iliyokoza na kijani kilichokoza. Nyeusi iweke mbali. Kivuli cha kaki kikifanywa kwa nyeusi hufanana na uchafu wa mkaa, lakini kikifanywa kwa kahawia iliyotiwa buluu kidogo hufanana na kivuli.

Kaki ya kwanza, ile ya Ulaya iliyochujuka, ninaipata kwa sehemu tatu za njano ya udongo, sehemu moja ya kahawia na sehemu mbili za nyeupe. Ya pili, ile ya mti wa ndaa, huchukua sehemu mbili za njano ya udongo na mbili za kahawia, na nyeupe kidogo sana, kiasi cha kuguswa na ncha ya brashi. Rangi hii iwe nzito na ya joto kama chai ya rangi iliyokaa jikoni. Ya tatu, ile mpya ya meli, huchukua sehemu tatu za njano ya udongo, moja ya kahawia, nusu ya nyeupe, na tone dogo la kijani. Zijaribu kwenye karatasi, ziache zikauke kabisa, ndipo uzilinganishe na kadi yako, kwa kuwa akriliki hukoza kidogo ikikauka na jicho hudanganyika ikiwa bado mbichi.

Baada ya rangi ya msingi kukauka, changanya kahawia na buluu kidogo kwa maji mengi, sehemu moja ya rangi kwa sehemu nane za maji, na uongeze tone la sabuni ya maji ili iteleze. Ipitishe kwenye mikunjo, makwapani, chini ya mkanda na kwenye mishono, na uiondoe kwa brashi safi yenye unyevu kila inapotuama juu ya bonge la goti au mgongo. Kisha rudia rangi ya msingi kwenye sehemu zilizoinuka, na mwisho kabisa ongeza nyeupe kidogo kwenye mchanganyiko ule ule uguse mabega, viwiko na magoti. Kwenye kaki ya zamani mwangaza huu uwe mpana, kwa sababu jua limeila nguo yote. Kwenye kaki ya meli uwe mwembamba kama uzi.

Sasa gawa. Mtu mmoja anaweza kuvaa koti la kaki ya kwanza na suruali ya kaki ya pili, na kwa kweli katika kikosi cha watu saba ninapenda wawili wawe hivyo. Kinyume na mteja wa yule fundi, mpiga mizinga wa 1916 hakuwa na pa kurudisha nguo. Hata hivyo usizidishe. Ukimpa kila mtu vipande viwili tofauti, jicho litaona fujo na halitaona tena kikosi. Ninaacha watu watatu wakiwa na kaki moja inayofanana, ili wawe uzi unaowafunga wengine wote.

Baharia

Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye anayechukua muda mrefu zaidi. Sare yake ya nchi za joto ilikuwa nyeupe, na nyeupe ni shabaha nzuri kwa adui, kwa hiyo ilibidi itiwe rangi. Nguo nyeupe iliyotiwa rangi kwa mkono haishiki sawasawa, na hilo ndilo litakalomtofautisha na wenzake.

Mpake nguo zote nyeupe iliyovunjwa kwa njano ya udongo kidogo, kama rangi ya tui la nazi. Ikikauka, chukua kaki ya pili uliyoichanganya, ipunguze kwa maji sehemu moja kwa nne, uipake kwa mabaka mapana yanayopishana, ukianza mgongoni kuelekea kifuani. Usingoje baka la kwanza likauke kabisa kabla ya kupaka la pili, ili kingo zao ziingiane. Mahali pa mishono, kwenye ukingo wa kola pana ya kibaharia na kwenye pindo za suruali acha weupe wa chini uonekane kidogo, kwani hapo kitambaa kina tabaka mbili na rangi haikuingia hadi ndani. Chini ya makwapa na kiunoni ongeza baka la tatu, kwa sababu jasho huikusanya rangi hapo. Ukimweka baharia huyu kando ya askari aliyevaa kaki ya kiwandani, mtu yeyote atakayeketi mezani atajua bila kuambiwa kwamba huyu hakuja vitani na nguo hii.

Kichwani ninampa kofia pana ya jua, nayo nikiipaka rangi ile ile yenye mabaka. Mwenzake wa pili ninamwachia kofia yake ya kibaharia isiyo na ukingo, nikiwa nimefuta jina la meli kwenye utepe mweusi. Hilo la pili ni uamuzi wangu wa mezani tu: kofia hiyo ndiyo alama pekee inayosomeka kutoka umbali wa mita moja kwamba mzinga huu ni wa meli.

Msimamizi wa mzinga

Mjerumani wa Schutztruppe wa kawaida hana ugumu. Kaki yake iwe ya kwanza, iliyochujuka, na koti liwe na utepe mwembamba wa buluu ya samawati kwenye kingo za kola, mikono na ufunguzi wa mbele. Kwa kimo hiki utepe huo ni mwembamba kuliko unywele wa brashi, kwa hiyo upake kwa ubavu wa brashi ukiburuta kwenye ukingo ulioinuka, kisha urudi na kaki kuupunguza. Kofia yake pana iliyokunjwa upande mmoja ilikuwa na ukanda mweupe kwa jeshi la Afrika Mashariki. Ule wa buluu ulikuwa wa Afrika Kusini Magharibi (Namibia ya leo) na ule mwekundu wa Kameruni. Nimeona sanamu nyingi za vita vyetu zikiwa na ukanda wa buluu, na kila mara ninasikitika, maana ni kosa la dakika mbili kurekebisha.

Askari

Askari watatu wa kikosi changu wanavaa kaki ya tatu kwa ajili ya ule uzi niliousema. Tarbushi yao ilifunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye pindo refu la kukinga shingo na jua, na mbele ikawekwa nembo ya tai ya madini meupe. Tai huyo mpake kijivu kwanza, ndipo uguse fedha katikati tu. Ukipaka fedha yote atageuka tone linalometameta. Vitambaa vilivyozungushwa kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti vilikuwa vya buluu yenye kijivu, na hapa ndipo rangi pekee ya baridi katika sanamu nzima, kwa hiyo usiiogope. Mikanda na vikoba vya risasi ni vya ngozi ya kahawia.

Vyeo vyao vilionyeshwa kwa mistari myekundu ya pembe kwenye mkono wa kushoto: ombasha alikuwa na mmoja, shaush miwili, betishaush mitatu na soli minne. Usijaribu kuchora mistari minne kwenye mkono wa milimita tatu. Paka pembetatu nzima kwa nyekundu, iache ikauke, kisha ikate kwa mistari ya kaki kutoka juu kwenda chini. Ukikosea, unakosea kwa kaki, ambayo hufutika kirahisi kuliko nyekundu.

Ngozi naiwekea uangalifu kuliko nguo. Miongozo mingi niliyosoma humpa Mwafrika kahawia moja ya kopo na kumwacha hapo, kana kwamba uso wake haukustahili tabaka tatu za rangi walizompa Mzungu aliyesimama kando yake. Mimi ninaanza na kahawia iliyoungua yenye nyekundu kidogo na tone la buluu. Kwa mtu wa pili ninaongeza njano ya udongo, kwa wa tatu ninaongeza buluu zaidi. Mwangaza wa paji la uso, pua, mashavu na vifundo vya vidole ninaufanya kwa kuongeza njano ya udongo na chungwa kidogo kwenye rangi ile ile. Nyeupe isikaribie hapa, kwani itaifanya ngozi ipauke kama ya mtu asiyejipaka mafuta. Midomo ipate kidogo cha waridi la kahawia, na viganja, kama vinaonekana kwenye sanamu aliyeinua kombora, viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Wanaume hawa waliokuwa wakibeba, wakilenga na kufa kandokando ya mizinga hii walikuwa babu zetu, na wanapaswa kuwa na nyuso zao.

Wapagazi

Sanamu ya saba, na ya nane kama unayo, iwe ya mpagazi. Mzinga wa Königsberg bila wapagazi ulikuwa chuma kisichosogea. Kwa upande wa Waingereza jeshi la wapagazi, Carrier Corps, liliacha jina lake Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo; kwa upande wa Wajerumani watu walifanya kazi hiyo hiyo, wakiwa na nguo zao wenyewe.

Vitambaa viwili vitakutosha. Merikani ni pamba isiyotiwa rangi, nayo inapakwa kwa nyeupe yenye njano ya udongo, kivuli chake kikiwa kahawia nyepesi sana. Kaniki ni buluu iliyokoza karibu na weusi. Ianze kwa buluu tupu iliyotiwa kahawia, na mwangaza wake uwe wa buluu iliyopauka kwenye mikunjo ya paja na bega, mahali ambapo mzigo umekisugua kitambaa. Mpagazi mmoja wa kaniki aliyesimama nyuma ya kaki tatu hutuliza picha yote, na hiyo ni sababu ya kiufundi mbali na ya haki.

Kama unapaka upande wa pili

Waingereza waliovamia Bukoba mwezi Juni 1915 wakitokea Kisumu walikuja na mizinga ya mlimani iliyoitwa ya ratili kumi kwa uzito wa kombora lake, ambayo mtutu wake ulitenganishwa vipande viwili na kuungwa kwa skrubu. Betri za aina hiyo, yaani vikosi vya mizinga, zilikuwa za jeshi la India, wapiga mizinga wake wakiwa Masingasinga na Waislamu wa Punjab. Vilemba vyao ni vya kaki. Vipake kwa kivuli kimoja tofauti na koti, ama vyepesi zaidi ama vyenye kijani zaidi, vinginevyo kichwa na mwili vitayeyukiana. Kaki ya India naipa tone la kijani la ziada. Mzinga huo haukuwa na ngao, hivyo watu wanaonekana wote kuanzia utosini hadi miguuni na hakuna mahali pa kuficha uvivu.

Wabelgiji waliotoka Kongo na kuingia Tabora mwezi Septemba 1916 walikuwa na mizinga ya St. Chamond ya milimita 70. Sare yao ya kabla ya vita ilikuwa ya buluu iliyokoza na tarbushi nyekundu, na katika kampeni ile wakaingia kwenye kaki. Ukiwa na sanamu zao, mwache mmoja na tarbushi nyekundu bila kifuniko. Mmoja anatosha.

Mzinga wenyewe

Mtutu naupaka kijivu cha meli kilichopauka, magurudumu na fremu kahawia ya mbao na chuma, kisha nakwangua kingo kwa brashi kavu yenye rangi ya fedha iliyochanganywa na kahawia. Kitako chake, mahali mikono inapogusa kila wakati, kiwe na mng’ao wa chuma kilichosuguliwa. Kombora la mzinga huu lilikuwa na ganda la shaba nyeupe, hivyo maganda mawili au matatu yaliyotupwa chini yanaleta njano kali inayopendeza miongoni mwa kaki. Atakayefika Mombasa apite Fort Jesus, ambako mmoja wa mizinga hiyo bado upo, autazame kwa karibu ukubwa wa kitako chake ukilinganishwa na mwili wa mtu. Mwingine uko Pretoria. Kama badala yake una ile mizinga ya zamani ya mfano wa 1873 ambayo Schutztruppe walianza nayo vita, kumbuka ilitumia baruti yenye moshi mzito, na pamba iliyochambuliwa na kupakwa kijivu chini na nyeupe juu inafaa kuwekwa mbele ya mtutu.

Vanishi katika hewa ya ziwa

Mwezi Aprili mwaka mmoja nilimaliza kikosi kizima baada ya wiki tano za kazi, nikakitoa kibarazani jioni, mvua ikiwa imekatika nusu saa iliyopita, nikapuliza vanishi isiyong’aa. Ndani ya dakika kumi wanaume wote saba walikuwa wamefunikwa na ukungu mweupe kama waliomwagiwa unga wa muhogo. Unyevu wa hewa ulikuwa umenaswa ndani ya vanishi iliyokuwa ikikauka. Niliwasha taa ili nione vizuri, na taa ikawaita wadudu wale wadogo wa ziwani wanaotembea kwa wingu. Kufikia kufunga mlango, baharia wangu alikuwa na kumi na mmoja kwenye mgongo wake.

Wadudu niliwatoa kwa kibano siku ya pili, baada ya vanishi kukauka kabisa, kwa sababu kuwatoa ikiwa mbichi huacha alama ya kidole au mguu wa mdudu. Ukungu niliuondoa kwa kupaka kwa brashi tabaka moja la vanishi inayong’aa, ambayo iliingia kwenye ule weupe na kuurudisha uwe wazi, kisha siku ya jua kali nikapaka kwa brashi tabaka la vanishi isiyong’aa. Tangu hapo sipulizi kabisa kati ya Machi na Mei. Ninapaka kwa brashi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa, na sanamu nazifunika kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja hadi kesho yake.

Ardhi ya kusimamia

Mwisho ni kitako cha sanamu, na hapa Mwanza imetupa kila kitu. Okota chenga za mawe chini ya mwamba wowote, zichekeche kwa chujio la chai upate saizi mbili, uzimwage juu ya gundi nyeupe ya mbao, chenga kubwa kwanza na ndogo baadaye. Usizipake rangi yote. Zipe maji ya kahawia tu, kisha brashi kavu ya kijivu chepesi, kwa kuwa jiwe la kweli tayari lina punje zake za nyeupe na nyeusi ambazo hakuna brashi itakayoziiga. Nyasi nazifanya kwa nyuzi za katani zilizokatwa milimita nne na kutiwa njano ya udongo.

Vumbi la ardhi hiyo hiyo liguse buti, magurudumu na pindo la kaniki, kwa brashi kavu, kutoka chini kwenda juu. Kisha wagandishe watu mahali pao: baharia wa mabaka kwenye kitako cha mzinga, mwenzake mwenye kofia akiwa ameinua kombora, msimamizi hatua mbili kushoto kwenye mahali palipoinuka, askari watatu wakiwa wamepangana upande wa magurudumu, na mpagazi wa kaniki nyuma, karibu na maganda ya shaba. Gundi ikae saa 24 kabla ya kuwaingiza kwenye sanduku, na ndani ya sanduku watandikie sponji iliyokatwa kwa umbo la kila mmoja, kama watapanda daladala kwenda kuchezwa nyumba nyingine.